Ngano Iliyogoma Kunywa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na shemeji na watoto wanaendeleaje? Mgongo umepoa, au bado unajifanya chuma? Mimi mzima, tena leo nina furaha mpaka najicheka mwenyewe.

Dada, nimefaulu! Kila ukiniuliza kazi yangu ni nini nakujibu juu juu. Sikiliza basi. Kwenye nafaka na mboga kuna asidi tunazokula kila siku, na wataalamu wanataka kujua zikishaingia mwilini zinaelekea wapi. Sisi huzitia alama ya mionzi, kidogo tu, ili mashine izione popote zilipo. Ngano yenyewe ndiyo hutufanyia kazi: tunaikata ingali changa, tunaisimamisha kwenye dawa yenye mionzi, inakunywa, kisha tunaisaga na kuzichuja hizo asidi. Usianze kulia, navaa glavu na kipimo cha mionzi kifuani.

Kichupa cha dawa kilikuwa kimoja tu, kingine mpaka mwakani. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Tone kwa ubahili wake wa dawa, alinikabidhi mimi. Nikajaribu kwanza kwa maji matupu. Lo! Ngano ikagoma. Mchana kutwa maji yako palepale, majani yamelegea. Bwana Tone akasema nikishindwa tena kesho, kazi anampa mwingine.

Ndipo nikakukumbuka kwenye duka lako la maua, ukinigombeza kwamba ua hukatwa ndani ya maji, lisije likameza hewa ikaziba njia ya maji. Kesho yake nikaikata ngano ndani ya beseni la maji, kisha nikaisimamisha kwenye dawa. Dada wee, dawa ilinywewa yote! Tulipozipima asidi, mashine ilihesabu mpaka wenzangu wakapiga makofi.

Sasa nikuambie la aibu. Bwana Tone aliniuliza mbele ya watu nimejifunza wapi, nikasema kitabuni. Niliona haya kumtaja muuza maua, wewe uliyenisomesha kwa maua hayo hayo. Siku mbili zikapita. Leo asubuhi nikasimama mbele ya wote nikasema kweli. Bwana Tone hakucheka. Alifungua daftari la maabara, akakata neno “kitabu” aliloandika siku ile, akaandika jina lako kamili, kisha akauliza cheo chako ni nini. Nikamwambia aandike mwalimu.

Nisamehe, dada. Wabusu watoto, na shemeji umpe salamu zake.

Ni mimi, mdogo wako,
Kitindamimba