Mashine Imeganda Tena

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Imeganda mara tatu leo! Ya kwanza saa nne, nikiwa kwenye herufi K. Unabonyeza — hakuna kitu. Majina yamebaki kwenye kioo cha kompyuta, hayasogei. Kuzima, kungoja, kuwasha, kuanza upya. Familia arobaini ambazo sijazihifadhi kwenye diskette zimepotea.

Chef wetu, Hilaire, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. (Ofisini ni Citoyen Kapya. Humu ndani nitamwita jina alilobatizwa, ambalo serikali imelikataza.) Orodha ya mgawo wa unga wa wafanyakazi wote lazima itoke Ijumaa ya tarehe 14, Mkurugenzi akiwepo. Isipotoka, mashine inarudi Lubumbashi, na mimi narudi kupokea simu. Miaka tisa nimekaa kwenye ile simu! Sirudi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Adolphe, fundi wa umeme, amepima prise ya ukutani, akasema courant, umeme wa bwawa la Koni, huyumba tanuru za kiwanda zikiwashwa. Akaleta stabilisateur ya kutuliza umeme, nzito kama jiwe la kusagia. Saa tano — imeganda. Kwanza inakuwa polepole: herufi moja, kupumzika, herufi moja. Halafu basi.

Akasema basi labda ni vumbi la mgodi wa Kamatanda. Vumbi litapita wapi? Mashine imefunikwa. Mama Germaine, mke wa Hilaire, ameifumia kitambaa cheupe cha krosheti, kinashuka hadi nyuma. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Hata redio yangu nyumbani imevaa.

Dominique wa mishahara aliuliza kama nilisali kabla ya kuiwasha. Nikamjibu nilisali, nikiomba yeye asije.

Jumanne, 11 Oktoba

Siku nzima haikuganda! Nimefika N. Meza ilikuwa tupu kidogo, Mama Germaine amechukua kitambaa kukifua kwa ajili ya Mkurugenzi, lakini nani anajali pambo siku kama hii? Ni stabilisateur! Nimemsifu Adolphe hadi akaona haya.

Jumatano, 12 Oktoba

Kitambaa kimerudi, kimekakamaa kwa wanga. Saa nne — imeganda.

Nilikaa naitazama kwa hasira. Kisha nikapitisha mkono nyuma, chini ya kitambaa. Moto! Kuna feni kule, inapuliza joto, kitambaa kinalizuia, joto linarudi ndani. Mjinga mimi. Wiki sita nimelaumu Koni, vumbi, diskette, vidole vyangu. Kumbe mashine inakosa hewa chini ya pambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kulisifu.

Nilimweleza Hilaire kwa upole. Uso ukambadilika, kana kwamba nimemtukana mkewe.

"Muke yangu alifuma hii kitambaa miezi mbili. Weye unataka kuitosha kwa mashini, juu ya joto tu? Mashini haiko muntu, mama."

Kitambaa kikabaki. Nimechukia, tena nimechukia sana.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimefika saa kumi na mbili, ofisi tupu. Nikafunua, nikaandika kama mwizi. Haikusita hata mara moja! Nimemaliza Z. Niliposikia viatu vya Hilaire nikafunika upesi.

Mchana nikajaribu kuchapa kurasa chache. Imeganda. Nikainua kitambaa kwa nyuma na rula, rula ikaanguka, Hilaire akaiokota akanirudishia. Nilitaka kulia, nikacheka.

Ijumaa, 14 Oktoba

Saa tano. Tunachapa. Wote wapo — Mkurugenzi kwenye kiti cha Hilaire, Hilaire wima.

Mama Germaine ameleta kitambaa kipya. Kikubwa kuliko cha kwanza. Kijani, na mwenge wa chama katikati! Mkurugenzi amepiga makofi. Sasa nani atauvua mwenge mbele yake? Watu wamekamatwa kwa mambo madogo kuliko hilo.

Printa imefika L. Mstari. Kupumzika. Mstari. Imesimama.

Hilaire amesema ni courant. Mkurugenzi ameinua macho kwenye taa, inawaka vizuri. Ameniuliza mimi. Nimesema naangalia kwanza katika daftari ninamoandika makosa ya mashine. Ndiyo maana naandika haya.

Hilaire amenikazia macho. Nikisema, nimemwaibisha mkewe, na mwenge juu yake. Nikinyamaza, mashine inapanda gari leo leo. Naogopa. Kweli naogopa.

Mama Germaine amezunguka nyuma ya meza kunyoosha upindo. Ameutoa mkono haraka. Ameutazama. Ameurudisha tena taratibu, ameuacha kule. Sasa ananiangalia mimi, si mumewe.

"Mama Colette," ananiuliza kwa sauti ya chini, "njo hii joto inaigandisha?"