Roboti Haisemi Tena kwa Sauti Yako

Baba Koku,

Nimekaa mezani kwako, upande wa dirisha linalotazama kibanja chetu cha migomba, na kalamu ninayotumia ni ile yako ya kusahihishia madaftari, maana nyingine zote zimekauka. Usishangae wino mwekundu. Kuna jambo nimelificha wiki tatu, na kati ya watu walio hai sijaona wa kuanza naye.

Kwanza ya nyumbani. Migomba ya upande wa barabara imepata mnyauko. Nilimweka mtu akaing'oa na kuifukia kama ulivyokuwa ukifanya, lakini ugonjwa umeshasogea jirani na kaburi lako, na naona utafika. Nyonga yangu ni ile ile. Daktari alinikataza kuinama, nami siinami, ila nikiangusha kijiko kinabaki chini mpaka apite mtu. Watu hawapiti sana siku hizi. Baada ya misa ya arobaini kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake, na siwalaumu.

Sasa ile roboti.

Unakumbuka ilivyokuja. Binti yetu Koku aliinunua Dar kwenye duka la vitu vilivyotumika, akasema, "Mama hawezi kuinama, hii itamfagilia." Ukaiwasha hapa Kamachumu, ikadai intaneti, ikadai barua pepe, ikadai ichore ramani ya vyumba vyetu na kuituma kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo, ndipo ifagie. Bando lilipoisha ikasimama katikati ya sebule na vumbi lake tumboni. Ulivua miwani, kama ulivyozoea ukikasirika. "Yaani kufagia chumba tunacholala tuombe ruhusa kwa watu tusiowajua?"

Ukaipeleka Bukoba kwa Projest, yule mwanafunzi wako wa fizikia mwenye karakana ya kompyuta Kibeta. Ulilala kwake siku mbili. Mkaifungua, mkaiflashi, yaani mkafuta programu ya kampuni, mkaiwekea nyingine inayokaa humo humo ndani yake. Uliporudi ulinipa simu nijaribu mwenyewe. Ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, ilikuwa inawaka, bando hatuna hata kidogo, nami nikabonyeza, ikaondoka kufagia. "Ramani yetu haitoki nje ya ukuta huu," ulisema. Sikuwa nimekuona na furaha ile tangu ulipostaafu.

Halafu ukaifundisha kusema. Ulijifungia chumbani ukijirekodi kwa simu, nikakusikia ukikohoa na kuanza upya. Tangu hapo ikianza kazi ilisema kwa sauti yako, "Inueni miguu." Ikimaliza ilisema kwa Kihaya, "Namala," kama mtu aliyetua jembe. Na ikinasa mahali: "Mama Koku, nimekwama. Njoo unitoe." Nilicheka mpaka nyonga ikauma.

Miezi minne baadaye moyo wako ukasimama ukiwa unachuma kahawa.

Siku za msiba Koku aliizima, akaificha chumbani, akisema itawatisha waombolezaji. Wageni walipokwisha ondoka niliiwasha mwenyewe. Nilidhani nimejiandaa. Iliposema, "Inueni miguu," nikainua. Nilikaa vile vile, miguu juu ya stuli, mpaka ikamaliza nyumba nzima.

Nitakuambia na hili, nawe usinicheke. Nilianza kutega viatu vyako. Kila asubuhi baada ya chai niliacha kimoja njiani, mlangoni mwa jikoni, ili inase iniite. Ikisema imekwama, najibu, "Nakuja, subiri." Naenda na mkongojo wangu, nakisogeza kiatu kwa ncha yake, nayo inaendelea. Nyumba ilikuwa safi kuliko wakati wowote, na hapakuwa na mtu wa kuichafua.

Kisha radi ikaunguza ruta. Koku akatuma nyingine, lakini roboti haikuitambua, na kwenye simu ikawa haionekani kabisa. Nikampigia Projest. Akasema, "Mama, usibonyeze chochote. Nakuja Jumamosi niiunganishe."

Ilikuwa Jumanne. Mimi siku zote niliiwasha kwa simu, kwa hiyo niliamini kwamba mpaka Jumamosi sitakusikia. Siku nne, Baba Koku. Mtu mwingine angezivumilia.

Alhamisi asubuhi nikatoa kile kijitabu cha maelezo ya roboti, nikasoma kwa Kiingereza changu kidogo. Kulikuwa na picha ya vidole vikishika vitufe viwili pamoja. Nikaelewa kwamba ukifanya hivyo inaanza upya, na mimi nilitaka ianze. Nikavishika hivyo, nikahesabu mpaka kumi. Ikatoa mlio nisioujua. Halafu mwanamke akaniambia kwa Kiingereza niiunganishe na intaneti.

Nilibonyeza tena. Akarudia yale yale.

Jumamosi Projest alifika, akapiga magoti sakafuni, akaichunguza. "Mama, kuna mtu aliigusa?"

"Hapana. Nimeikuta hivi."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni.

Alieleza kwamba imerudi kama ilivyotoka kiwandani na kila mlichoweka kimefutika. Akafungua kompyuta yake akatafuta sauti zako, hakuzikuta, kwa sababu ulizipandisha mwenyewe kutoka kwenye simu yako. Na simu yako Koku aliifuta baada ya maziko, akampa mdogo wako. Hakuna pengine zilipobaki. Kisha, bila kujua ananiua, akaongeza, "Ungebonyeza tu hiki cha juu, Mama, ingefagia na kusema kama kawaida. Haikuhitaji ruta kwa hilo."

Koku akanipigia simu wakati huo huo. Nikaweka spika, nikamwambia Projest yupo na sauti zako zimefutika. "Kaka Projest, wewe na hizo programu zako za kuungaunga," alisema, "umemfutia mama sauti ya baba."

Projest alitazama vile vitufe viwili, akanitazama mimi. Nadhani alielewa. Alisema, "Nisamehe, dada." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, kinywa changu kizima.

Akairudishia programu yenu. Inafagia bila intaneti kama ulivyotaka, ramani yetu inabaki humu ndani, na kampuni ile haijui kitu. Aliniuliza kwa upole kama ningependa kurekodi sauti yangu. Nikamwambia ainyamazishe kabisa. Sasa inapita kimya, inarudi kwenye chaji yake, na mara nyingi hata sijui kama imeshafagia.

Nasikia Koku amewasimulia ndugu zetu wa Bukoba. Mmoja wao alikwenda Kibeta akachukua kompyuta yake kabla haijatengenezwa, akisema haachi mali yake kwa mtu anayeharibu vitu vya marehemu. Projest hakujitetea hata huko. Wewe ndiye uliyemfundisha heshima ya namna hiyo, na mimi nimeitumia kujifichia.

Alhamisi nitapanda gari la Bukoba. Nitamwambia Projest mbele ya mafundi wenzake kwamba ni mimi, kisha nitampigia Koku nikiwa bado nimesimama hapo, asije akafikiri nimeshinikizwa. Nakuahidi hilo. Sikuahidi kwamba nitajisikia nafuu, kwa sababu sitajisikia.

Jana nilijaribu kukumbuka ulivyokuwa ukiniita kutoka shambani. Nilifumba macho, nikangoja. Kilichonijia ni sauti yangu ikikuigiza.

Pumzika, mume wangu. Nikirudi kutoka Kibeta nitapita hapo kaburini kwanza, kabla ya kuingia ndani, ujue kwamba nimekwenda. Nitakuja mikono mitupu, maana sauti yako sitaipata huko.

Mkeo,
Mama Koku