Tumeshamwambia Mama

Dada Veronika,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nimekuamkia maisha yangu yote na sijui pengine pa kuanzia.

Mama hajambo kiasi. Upande wa kulia bado umelala na ulimi bado mzito, lakini ubishi wake haukupooza. Jana alitema uji akasema unanuka moshi. Kweli ulinuka. Siku hizi naupika mimi, tangu ulipoanguka kisimani na ndoo mkononi, wakakukimbiza hospitali, ukatoka umefunikwa shuka.

Hukurudishwa nyumbani kwetu Kanyenye. Kaka Petro alishuka na treni ya Kigoma na kaptula yake ya ukarani, akaamua kama Bwana Shauri wa serikali: msiba ukae kwa baba mdogo, ng'ambo ya reli, vilio visimfikie Mama. "Mkimwambia, tutazika wawili," alisema. Wazee wakakubali, maana ndivyo wanavyofichwa wagonjwa siku zote. Mama akaambiwa umekwenda Sikonge kumuuguza shangazi. Hata tulipokutungia uongo, Dada, tulikupa mgonjwa.

Watani walikuja msibani. Unamjua Bi Mwamvita, yule Mzaramo. Tangu babu zetu wapagazi walipokuwa wakifika kwao pwani na mizigo vichwani, watu wake wana ruhusa ya kututukana bila kesi. Alijifunga kanga yako, akashika beseni, akasimama mlangoni, akawa wewe. Sauti ile ile. "Karibuni. Mgonjwa anaendelea vizuri. Mimi? Mimi nina nini? Kaeni niwapikie." Akapika hewa, akapakua hewa, akafua mashuka yasiyokuwepo, mgongo umepinda, mpaka akajilaza chini. Tulicheka sote, hadi sisi wafiwa. Kisha akafumbua jicho moja, akawatazama wale wageni wetu wa kila Jumapili, waliokuwa wakija kumjulia Mama hali na kuondoka wameshiba. "Leo mmekuja kuniona mimi," akasema. "Kumbe njia mlikuwa mnaijua."

Kicheko kikakatika.

Matanga yalipokwisha, Bi Mwamvita alibaki kuosha masufuria pamoja na Mama Yohana, jirani yetu. Mmoja anamhudumia mume aliyepofuka, mwingine ana mtoto wa kifafa. Hakuna aliyeitisha mkutano. Tulikuwa tunasugua masizi tu, tukajikuta tunasema. Tangu hapo tunakutana Alhamisi uani kwa Bi Mwamvita, tunamenya karanga, na wengine wameongezeka. Kila wiki mmoja wetu hakai nasi; huzunguka nyumba zetu kuwaangalia wagonjwa.

Mara ya kwanza nilisema kwamba asubuhi ile, nikimlisha Mama, nilimchukia kwa dakika moja. Nikangoja wanitoe nje. Mama Yohana akadondosha karanga kwenye ungo, akasema, "Dakika moja tu, mdogo wangu? Basi wewe hujaanza." Nilirudi nyumbani nimechoka vile vile, ila nilipomlisha Mama mkono wangu haukuwa na hasira.

Vile vidonda vya mgongoni vimekauka. Inaniuma kukwambia, kwa jinsi ulivyovisafiria kutafuta dawa. Mama Yohana alinionyesha kumgeuza kwa shuka lililokunjwa, mmoja huku, mwingine kule, bila kumburuta. Kumbe alihitajika mtu wa pili upande wa pili wa kitanda. Naye alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwetu miaka yote hiyo, akikusalimia kisimani, nawe ukimjibu kwamba hamjambo. Wewe hukusema, yeye hakuuliza. Nikilifikiria hilo najikuta nimesimama katikati ya chumba, sijui nilikuwa nafuata nini.

Kila siku Mama aliuliza, "Vero hajarudi?" Nami, niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, nikawa mtunzi. Nilimletea salamu zako, mvua za Sikonge, kikohozi cha shangazi. Shangazi akipata nafuu, ukikaribia kurudi, ilinibidi nimwangushe tena kitandani. Shangazi mwenyewe mzima kabisa; alikuja msibani na alikula vizuri.

Alhamisi moja nikaieleza hali hiyo. Bi Mwamvita akasema, "Huyo shangazi naye muueni, mpumzike." Watu wakacheka. Mama Yohana hakucheka. Alisema yeye alifichwa kifo cha baba yake alipokuwa uzazini, na mpaka leo kilio chake hakijapata siku. Kisha akaniuliza kama ningependa waje wakae nami nitakapomwambia Mama. Peke yangu nisingethubutu, Dada. Ningemuuguza shangazi mpaka Mama afe.

Nilimpelekea Kaka habari, akaja, akakataa, akakaa barazani amegeuza uso. Sisi tukaingia. Bi Mwamvita alimshika Mama mkono wenye uhai. Nikasema kwa kifupi, maana maneno mengi yangenirudisha Sikonge.

Mama alitazama paa. Halafu akasema polepole, "Najua. Vero hawezi kukaa mbali hivyo bila kutuma mtu aulize kama nimekula." Akaongeza, "Nilikuwa nangoja mniruhusu kulia."

Akalia kwa upande mmoja wa uso. Kaka alisikia, akaingia, akapiga magoti.

Hakufa. Amekula hata ule uji. Lakini siku ile ya kuzikwa kwako alikuwa macho, Dada, ana akili zake, angeweza kukushika uso na kukuaga. Tulimnyima kwa upole kabisa, na hiyo hairudishiki kwa Alhamisi wala kwa karanga.

Anataka kufika kaburini kwako. Mvua zikikatika tutampakia kwenye mkokoteni; Kaka atasukuma, na wenzangu watampokea njiani, maana mikono yake ni ya kalamu. Nilimuuliza Mama nitangulize ujumbe gani kwako. Akasema maneno yake atakuja nayo mwenyewe, mimi nimeshasema ya kutosha.

Basi kwaheri, Dada yangu. Nitamfikisha. Nikishamweka karibu yako nitarudi nyuma ninyamaze, hata akikawia.

Mdogo wako,
Agnesi