Ufunguo wa Sukari Uko Shingoni mwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na nakusihi usome mpaka mwisho ndipo unicheke.

Mimi ni fundi wa kufuli, nina miaka hamsini na miwili na kibanda changu karibu na kituo cha mabasi, juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu "Kufuli Zangu Hazifunguliwi", na miezi minne iliyopita daktari alinipima akasema sukari yangu imepanda, haijawa ugonjwa ila imebaki hatua moja, niache sukari ya kwenye chai, soda na biskuti, la sivyo iko siku vidole vitaanza kufa ganzi, na mimi kufuli naisikiliza kwa vidole, bila vidole sina kazi. Basi mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hana mchezo, akafuta sukari nyumba nzima, akabakiza kopo moja la wageni, akaniambia, "Baba watoto, nitengenezee sanduku lenye kufuli ambayo hata wewe huiwezi," nami kwa kupenda sifa nikaitengeneza wiki mbili, kufuli ya chuma yenye ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo akamvisha mama yake mzazi, tunayeishi naye na ambaye hushinda nyumbani, akautundika shingoni kwa uzi mweusi.

Sasa mshauri, sisi mafundi tuna desturi yetu, kufuli mpya lazima ujaribu kuifungua bila ufunguo, ikifunguka ina kasoro, unairudia, kwa hiyo siku ya kwanza mama mkwe alipotoka kuanika nguo nikachukua waya wangu nikaijaribu, ikafunguka, nikasema nitairekebisha, lakini kwa kuwa sanduku lilikuwa wazi nikalamba kijiko kimoja ili kazi isiende bure, kesho yake nikaijaribu tena, na mpaka leo nimeijaribu mara sabini na tatu na sijairekebisha. Mke wangu akachora mstari wa kalamu kwenye kopo kuonyesha sukari imefika wapi, nikaona mstari huo utaniumbua, nikawa kila nikichota sukari najazia chumvi. Jumapili iliyopita akaja mwalimu wake mkuu na mumewe, wakakoroga vijiko viwili viwili, mwalimu mkuu akanywa kikombe kizima machozi yakimlengalenga akasema chai ni nzuri, ila mumewe hana ustaarabu huo, yeye aliitema kwenye kisahani.

Wageni walipoondoka mke wangu akaniuliza, "Hii kufuli yako inafunguka bila ufunguo?" nami kabla sijafikiri sifa ya kazi ikanitoka, nikamjibu, "Hajazaliwa mtu wa kuifungua," na hapo hapo macho yote yakaenda shingoni mwa mama mkwe. Sasa wanasema uzee umemzidi, anachanganya makopo, na Jumamosi shemeji yangu anakuja kumchukua akakae kwake apate mtu wa kumwangalia. Juzi nilimkuta jikoni ameshika kopo la chumvi mkono mmoja na la sukari mkono wa pili, anaonja hili, anaonja lile, akaniambia, "Mwanangu, labda ni mimi kweli, labda akili zinaniaga." Mshauri, siku hiyo nilishindwa kula kabisa, isipokuwa kijiko kimoja, nacho kilikuwa chumvi.

Nikisema kweli, mji mzima utajua kufuli zangu zinafunguliwa kwa waya. Nionyeshe njia ya kumwokoa mama mkwe bila kuiaibisha kufuli.

Ni mimi, Fundi Hazifunguliwi

*

Fundi, nimekucheka kama ulivyotaka, sasa nimenyamaza.

Una mambo wewe. Umeiba sukari ya nyumbani kwako, kwa waya wako, kupitia kufuli yako mwenyewe, halafu unaniletea habari za aibu ya kufuli. Kufuli haina haya. Iliyofunguka mara sabini na tatu inajulikana ilivyo, hata ukiiandikia ukuta mzima.

Hamu ya sukari sikucheki, pole nayo. Ulimi uliozoea utamu miaka yote hauachi kwa kuamriwa. Kopo hilo la sukari na chumvi limwage leo, maana hata sisimizi watalikataa. Wageni watakunywa chai mnayokunywa ninyi. Majuma mawili matatu ya kwanza utaona dunia nzima haina ladha, vumilia, ulimi utazoea. Kibandani weka chupa ya maji pale soda inapokaa, hamu ikikushika kula tunda, na juisi za boksi usizihesabu kuwa tunda. Urudi kwa daktari akupime, na umtajie hiyo chumvi, kwani umekimbia kisukari ukaenda kubisha hodi kwa presha.

Lililoniudhi ni moja. Mama aliyekupa binti yake, anayekuita mwanangu, amesimama jikoni anaonja chumvi ili ajue kama bado ana akili. Anazo zote, fundi. Wewe ndiye unayemnyang'anya, na unajua.

Usingoje Jumamosi. Leo, kabla ya chakula, waite mkeo na mama yake mezani. Weka sanduku mbele yao, ufunguo ubaki shingoni. Usitoe hotuba. Toa waya wako, fungua. Mkeo ni mwalimu, atasema yake kwa mpangilio, nawe ukae umsikilize mpaka amalize. Kisha umpigie shemeji mwenyewe, umwambie safari imekufa na aliyeiua ni nani. Mwalimu mkuu mwombe radhi, na mumewe umwombe mara mbili. Bango lifute mpaka liwe kweli.

Sanduku usilitupe. Rekebisha kufuli, safari hii bila kulamba, kisha weka ndani nyaya zako zote za kazi, ufunge. Ufunguo uko pale pale, kwenye uzi mweusi. Kila asubuhi utakwenda kwa mama mkwe, utamwamkia, utamwomba kwa adabu akufungulie zana zako. Akikuuliza jana ulikula nini, mjibu ukweli. Yule mama akili zake ni timamu, atakumbuka.