Kaka, Ile Picha Uliifuta Tu

Kaka yangu Osmundi,

Shikamoo. Itikia huko huko uliko, hata kama ni kimoyomoyo, maana najua unanisoma. Simu yako haipatikani tangu masika, na kila dereva wa basi la Tunduru ninayemuuliza ananiambia huko kwenye machimbo ya vito watu hubadilisha majina kama mashati. Lakini kwenye blogu hii yetu unapita. Mwezi wa tatu niliandika kwamba nitapandisha wageni kwa njia ya juu, kesho yake nikakuta maoni yasiyo na jina: "Njia hiyo inateleza sasa hivi, wapitishe kwenye miti ya misuku." Nani mwingine anayeujua utelezi wa njia ile? Umeficha kichwa, mkia umeuacha nje.

Kwa hiyo nakuandikia hapa hapa tunapouzia matembezi ya mlimani, mbele ya wateja. Wakishangaa, washangae. Mama anaumwa, kaka, na safari hii si homa ya kupita. Miguu imevimba mpaka magotini, akilala chali anakosa pumzi, na daktari alituambia kwa upole kwamba tukamtunze nyumbani. Tulielewa. Mtaa mzima umeelewa, na bado mtaa mzima unasema hakuna kijana atakayekuja kuchimba kaburi kwetu mpaka wewe uje useme neno kwa mdomo wako. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote nakukumbusha tu.

Unakumbuka tulivyoanza? Shirika ulilolifanyia kazi lilibinafsishwa, ukapunguzwa, ukarudi Matogoro na mahema mawili ya mnadani yenye viraka. Serikali ilikuwa inaimba kila mtu ajiajiri. Wenzako wakafungua magenge, wewe ukafungua mlima. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: nani atalipa kutembezwa porini wakati kuni tunafuata bure? Hata mimi nilicheka, ila nilichekea jikoni ili usinisikie.

Kisha yule mwalimu mgeni kutoka Kilimanjaro akakuonyesha mambo ya blogu, akakuazima na kamera yake ya dijitali. Kila Alhamisi tukawa tunashuka mjini, mtaa wa Majengo, kwenye intaneti kafe, wewe unasema, mimi nachapa, kwa kuwa nilikuwa nimesomea uhazili na wewe ulikuwa unatafuta herufi kama kuku anayetafuta punje. Picha moja ilichukua muda mrefu kupanda, tukawa tunatafuna karanga tukiomba umeme usikatike. Siku ya kwanza nilichapa: "Karibuni Matogoro yenye mandhari ya kuvutia na hewa safi." Ukanifutisha.

"Kila mtu ana mandhari ya kuvutia," ulisema. "Andika mtu atakanyaga nini."

Basi tukaandika mawe yanayoyumba kwenye kijito, ukungu wa asubuhi, baridi ya mwezi wa sita inayoingia kwenye mifupa, na masuku yanayoanguka yenyewe yakiiva, mtu anaokota anakula huku anatembea. Tukaandika pia kwamba simu huko juu hazishiki. Mama mmoja wa Dar es Salaam akauliza kwenye maoni, "Choo kipo?" Mimi nilitaka kumjibu kwa maneno laini laini. Wewe ukachukua kamera, ukakipiga picha choo chetu na paa lake la nyasi na mlango wa gunia, ukakiweka hadharani mbele ya dunia nzima. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso. Yule mama akaja na wenzake wa ofisini, akasema mtu aliyeonyesha choo chake hawezi kumdanganya kuhusu mlima.

Ndivyo tulivyopata wateja, kaka, kwa ukweli wako. Walikuja manesi, walimu na watumishi wa serikali waliohamishiwa Songea, ambao walikuwa wanaiona Matogoro kila siku madirishani na hawajawahi kuikanyaga. Mama aliwapikia ugali na likolo, mboga yetu ya majani, uwanjani, akawaita "wageni wa kwenye kioo," yaani cha kompyuta. Alipenda kuwauliza kama picha yake ilitoka vizuri.

Na kila safari ilianzia kwa jirani yetu Babu Kasiani, kwa sababu njia ilikatiza shambani kwake. Hakutaka kitu chochote ila salamu. Uliwafundisha wageni hivyo: "Hapa hatupiti, hapa tunapiga hodi." Wakapanga mstari, mmoja mmoja, shikamoo babu, naye anaushika mkono wa mtu asiuachie mpaka aambiwe jina na anakotoka. Wengine waliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo sehemu waliyoikumbuka kuliko kilele.

Ndiyo maana sikuelewa, na mpaka leo sielewi. Babu Kasiani alifariki Ijumaa alfajiri. Jioni ile ile kundi la Dar es Salaam likashuka stendi, limechoka, limekaa siku nzima kwenye basi kwa sababu ya maneno tuliyoyaandika sisi. Unajua mila yetu ilivyo. Marehemu akiwa ndani, mtaa hauendi shamba wala safari, jembe ni moja tu, la kaburini. Mama alikuita pembeni ya jiko. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua maharage ya msibani.

"Waambie ukweli wageni wako," alisema. "Wakae na sisi msibani, watakula tunachokula. Jumapili utawapandisha."

"Mama, tumeandika kila Jumamosi, mvua au jua. Nikiwaangusha hawa, watakwenda kuandika kwamba sisi ni waongo. Blogu itakufa."

"Na Kasiani je?"

"Tutapita asubuhi mapema, tutarudi kabla ya maziko."

Mlipita. Ukungu ulikuwa mzito, na wageni walivaa makoti ya mvua mekundu na ya njano, wanacheka kwa baridi, hawajui lolote kwa sababu hukuwaambia. Vijana walikuwa wanachimba ukingoni mwa shamba, hatua chache kutoka njiani, mwanawe, Baba Leonsia, amesimama juu yao na koti la marehemu baba yake mabegani. Wewe ulipita mbele umeinamisha kichwa. Nyuma yako mgeni mmoja akasimama, akapiga picha. Na maziko hamkuyawahi. Mlishuka watu wanakunja majamvi.

Jumatatu ulikwenda Majengo peke yako kwa sababu mimi nilikuwa bado matangani nasaidia kuosha vyombo. Ukachukua picha zote alizokuachia yule mgeni, ukazipandisha kwa mkupuo bila kuzitazama moja moja, chini ya kichwa kimoja: "Wenyeji wa Matogoro wakichapa kazi asubuhi." Wakulima wa viazi wa upande wa pili wa mlima walikuwemo. Mwanamke mwenye ndoo alikuwemo. Na kaburi la Babu Kasiani lilikuwemo.

Leonsia alikuwa chuoni Dar es Salaam, amekosa nauli ya kuja kumzika babu yake. Alifungua blogu yetu ili aone nyumbani. Hebu fikiri, kaka. Mtoto anatafuta nyumbani, anakuta koti la babu yake mabegani mwa baba yake, na shimo, na maneno yako juu yake.

Alimpigia baba yake simu analia. Baba Leonsia, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikwenda mpaka Majengo, akaomba aonyeshwe, kijana wa kafe akaitoa kwenye karatasi. Akaja nayo matangani imekunjwa mfukoni, akaifungua mbele ya wazee.

Nilikukimbilia nikakuambia. Ulipanda baiskeli ukaenda ukaifuta, ukarudi unatokwa jasho, ukasema, "Nimeshaifuta. Haipo tena. Wanataka nini zaidi?" Mama alikujibu kwamba wanataka uende ukaketi chini ukaseme, na uende leo hii moto haujapoa. Ukasema hukupiga wewe ile picha. Ukasema ni bahati mbaya. Ukasema mengi, yote ukiyasemea nyumbani kwetu, ndani ya kuta zetu. Mama alituma debe la unga kwenye matanga. Likarudishwa likiwa limefungwa vile vile. Baada ya siku chache ulibeba begi ukasema unakwenda kujaribu bahati Tunduru, na mama akakusindikiza mpaka kwenye kona akiamini utarudi ukishatulia.

Tangu hapo mama ndiye aliyebeba mzigo. Anakwenda kwenye kila msiba wa mtaa huu, anaketi mwisho wa jamvi, chungu anachokwenda nacho anarudi nacho kimejaa. Padri aliongea kanisani kuhusu kusameheana, watu wakaitika Amina kwa sauti nzuri kabisa, wakatoka nje wakabaki walivyo. Jumuiya inakuja kumwombea mama, siwezi kuwasingizia. Wanasali, wanaimba, wanaondoka bila kunywa hata maji.

Juzi niliamua liwalo na liwe, nikaenda mwenyewe kwa Baba Leonsia. Nilitegemea kufukuzwa. Alinipa kigoda, mkewe akanimiminia chai.

"Mama yako hatuna neno naye, binti yangu," aliniambia. "Ila tukimchimbia wakati Osmundi hajasema, tutakuwa tumekubali kwamba kaburi la baba lilikuwa la kuchezea. Aje yeye. Hatumli."

"Hata akiandika barua, baba? Naweza kumfikishia ujumbe akaandika vizuri."

Alitikisa kichwa. "Kuandika ameshazoea. Safari hii aseme."

Nimekukasirikia, kaka, sitakuficha. Nimekukasirikia kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mteja asifichwe hata choo, halafu jambo lako moja likakushinda kulisema. Biashara naiendesha bado. Njia ya shambani imefungwa kwa miiba, nawazungusha watu mbali kupitia msituni, na nikiulizwa yule kaka mcheshi yuko wapi nasema amesafiri. Leo sisemi tena amesafiri. Wanaosoma hapa wameshajua. Labda watahama, watatafuta watu wasioanika aibu zao, lakini sikuwa na mahali pengine pa kukupata.

Na naogopa. Hilo nalo nalisema wazi. Naogopa kila mama anapolala muda mrefu, nasogeza sikio kusikiliza pumzi. Akiamka swali ni lile lile: "Gari la Tunduru limeingia?" Namwambia bado. Barabara sasa ni kavu, hakuna tope la kusingizia. Haulizi ulipata nini huko. Haulizi chochote zaidi ya gari.

Leo asubuhi nilichukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba, pale mama alipopachagua mwenyewe. Nilitaka kujua kama nitaweza. Najua mwanamke hachimbi, najua watakavyonitazama, lakini mama yangu hatalala juu ya ardhi akingoja nyinyi wanaume mmalize maneno yenu. Kiangazi kimeukausha udongo, jembe linaruka, na chini kidogo tu kuna changarawe. Nilichimba nikilia. Mama akasikia kishindo, akaniita kupitia dirishani.

"Unafanya nini huko?"

"Nachimba shimo la mgomba, mama."

Akatafuta pumzi. Kisha akasema, "Refusha, mwanangu. Hapo hapatoshi."

Panda basi la kesho, kaka. Mama yu hai, na mikono yangu imeshatoka malengelenge.

Mdogo wako,
Matogoro