Viza ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 16 Agosti 1993
Mwaliko umefika! Karatasi rasmi toka kwa Bartolomayo, Kiingereza kigumu na mihuri miwili. Nimeibusu mbele ya masjala nzima, wacha wacheke. Miaka mitatu na nusu mume wangu yuko Norwei anasoma, na Erica hamjui baba yake ila kwenye picha. Wifi yangu Loisi anatangaza kwamba mtoto si wa kaka yake, eti kahesabu miezi. Kaka yake kaondoka Februari, mimi nimejifungua Oktoba ya mwaka huohuo. Hesabu gani hiyo inayomshinda? Sasa tunakwenda, baba yake amwone kwa macho yake. Pua ni yake tupu.

Jumatano, 18 Agosti
Wambura wa uhasibu aliwahi kwenda semina Uholanzi, basi ndiye afisa uhamiaji wetu hapa ofisini. Kanieleza taratibu. Pasipoti ni ya kwetu, ya kutokea. Viza ni yao, ya kuingilia. Tarehe iliyoandikwa ni mwisho wa kuingia. Siku za kukaa ni hesabu nyingine, inaanza ukishafika. Nimemrudisha nyuma mara tatu, kichwa kinagonga! Ubalozini wanataka pia uhakika kwamba nitarudi — barua ya mwajiri, ya likizo, cheti cha ndoa.
Fomu nimejaza moja. Erica ameshaandikwa ndani ya pasipoti yangu, na mtoto wa kupakatwa hata kwenye treni halipi.

Ijumaa, 27 Agosti
Nimerudi toka Dar. Makaratasi yamepokelewa ubalozini. Wiki mbili, wamesema. Sikuulizwa habari za mtoto, nami sikusema.

Alhamisi, 9 Septemba
Kimya. Jana nimeweka jalada la pensheni kwenye majalada ya mbolea, bosi akalirudisha mwenyewe.

Jumatatu, 13 Septemba
Imetoka! Mbwana, dereva wetu, kaniletea pasipoti toka Dar. Siku thelathini, niingie kabla ya tarehe 30. Tiketi aliyotuma Bartolomayo ni ya Ijumaa hii. Nikapiga kigelegele mpaka bosi akatoka nje.
Halafu Wambura akaisoma. Akaisoma tena. Akasema taratibu, "Mama Erica, hii ni ya mtu mmoja."
Nimebisha! Nimemwonyesha jina la Erica kwenye ukurasa. Akasema hiyo ni pasipoti, viza ni kitu kingine. Bosi kaniruhusu kupiga simu ubalozini. Dada wa huko alikuwa mpole sana. Kila mgeni na fomu yake, hata anayenyonya. Ujinga wangu huu! Nani alinituma kufikiri nchi za watu ni treni?
Nimelia chooni.

Jumanne, 14 Septemba
Sijalala. Asubuhi nimemwomba Wambura anisaidie kujaza fomu ya Erica, tujaribu bahati. Akasema inataka maelezo toka kwenye mwaliko, nikamletea nakala niliyobaki nayo. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Kuna mahali mwenyeji anajaza idadi ya wageni. Mwandiko ni wa Bartolomayo, naujua. Kaandika mmoja. Chini, jina langu peke yake.
Basi hata ningejaza fomu kumi! Bila mwaliko wake mwingine mtoto haendi.
Kasahau. Mtu husahau. Wambura naye kasema mtu husahau, lakini hakuniangalia usoni.

Jumatano, 15 Septemba
Nimempata Bartolomayo, Posta, simu ya nje, kibanda cha pili. Nikamwambia viza imetoka ya mmoja, atume mwaliko wenye jina la mtoto, sisi tutasubiri, tiketi isogezwe. Akasema, "Evodia, njoo kwanza wewe. Tutaongea."
Evodia! Mji mzima huu unaniita Mama Erica. Kumbe maneno ya Loisi yamefika huko. Nikasema, "Uliondoka tarehe kumi na moja Februari. Hesabu mwenyewe."
Akasema simu inakatika. Haikuwa inakatika. Nilikuwa namsikia anapumua.
Basi la Dar ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nikienda peke yangu, Loisi atasema mnaona? Nisipoenda, atasema mnaona? Na yeye huko atasema nini?
Saa kumi jioni hii na jua lote hili, Erica amevaa sweta la safari, hataki kulivua. Anauliza baba kasemaje. Nimemwambia asubiri, mama anaandika.