Buibui Nililomwazima Damaris

Mpendwa Bi Rufaida, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho, maana hii ni barua ya nne kuiandika, tatu nimezichana, kila nikianza naanza na uongo mdogo wa kujipunguzia, na hii nimeapa nitaiandika kama mambo yalivyokuwa.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, kwetu ni Malindi, na nimeanza mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Kilifi. Baba alinikubalia kwa shida, alitaka nikae nyumbani mpaka apatikane mtu wa kunioa, na sharti alilonipa mbele ya mama na shangazi lilikuwa moja tu, nisiingie katika siasa za wanafunzi, asije akaniona kwenye simu ya mtu nimeinua ngumi barabarani, nami nikakubali kwa sababu siku ile ningekubali chochote. Nilidhani chuo ni vitabu na kubishana na watu wenye akili. Nilichokikuta ni foleni ya kujisajili ya siku tatu, wahadhiri wamegoma wiki ya pili, darasa la watu mia nne wengine tunakaa sakafuni, halafu simu, Bi Rufaida, simu tangu asubuhi, picha za vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana, unakunywa chai kwa mahamri huku unamtazama mama wa mtu analia Nairobi, unapitisha kidole, inakuja ngoma, unacheka, unapitisha kidole, maiti. Sikujua kama mtu anaweza kuzoea hivyo kwa mwezi mmoja. Mimi nilizoea.

Chumbani niliwekwa na Damaris Lewa, wa Junju, miaka kumi na minane, Mkristo, mama yake analima mihogo na amemlea peke yake. Tulipendana. Alikuwa akinisubiri nimalize kusali ndipo afungulie redio, na mimi Jumapili nilikuwa nikimpigia pasi sketi yake ya kanisani. Yeye hakuzoea zile picha, akiziona alikuwa akiacha kula. Ilipotangazwa kwamba wanafunzi wataandamana Jumatano mjini Kilifi kudai waliochukuliwa warudishwe, tukakubaliana twende sote wawili, mimi nivae buibui na ninja nisijulikane, yeye ajifunge leso usoni. Asubuhi yake nikaogopa. Nikasema tumbo linaniuma, Damaris akanitazama akajua, wala hakunisema, akaniambia tu, "Basi niazime buibui lako na ninja. Siku hizi wakikupiga picha wanakufuata mpaka kwenu." Nikampa. Nikamfunga ninja kwa mikono yangu, nikamwonyesha namna ya kushika pindo asijikwae, tukacheka kwa sababu alikuwa akitembea kama askari. Simu yake na kadi ya chuo akaviacha kitandani, ili akikamatwa wasijue yeye ni nani, akatoka.

Saa saba wenzetu walirudi wanakohoa, macho mekundu, wakasema polisi walirusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia barabara kuu, na kuna mwanamke wa buibui kagongwa na lori kapelekwa hospitali. Nilisikia, Bi Rufaida. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia, nikajiambia mabuibui ni mengi Kilifi.

Kesho yake mama Damaris akaja chuoni, amejitanda leso, viatu kavishika mkononi kwa sababu vilikuwa vimemkata. Akanishika mikono akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe mwenzake. Alitoka amevaa nini?" Nikauona uso wa baba, nikaliona buibui langu linapita kwenye simu za watu wa Malindi, nikasema, "Suruali ya jinzi na fulana nyekundu." Lilitoka tu. Naye akalirudia polepole asilisahau, jinzi, fulana nyekundu, akaniambia Mungu anibariki.

Ijumaa alikwenda hospitali mpaka mlangoni pa chumba cha maiti, akauliza kama kuna msichana wa jinzi na fulana nyekundu. Akanipigia simu mwenyewe, anacheka na kulia. "Hayupo! Wamesema wana msichana mmoja tu, na huyo ni Mwislamu wa buibui. Mwanangu yu hai!" Nami nikasema alhamdulillah.

Nilikuwa na siku nne zaidi za kusema na sikusema. Jumanne wazee wa msikiti, baada ya kuambiwa kuna binti wa Kiislamu amelala pale na hakuna wa kumuulizia, wakaomba kibali wakapewa, wakamchukua wakamzika, kama ilivyo desturi yetu, Mwislamu haachwi pale eti kwa kuwa hana wenyewe. Kati ya wanawake waliomwosha alikuwamo shangazi yangu Fahima wa Kibarani, ambaye kila Jumamosi mimi huenda kula kwake. Jumamosi hiyo alinipakulia wali, kisha akasema, "Wiki hii tumemsitiri mtoto wa watu. Maskini, hata mama wa kumlilia hana. Mengine sisemi, ya maiti hayasemwi, lakini nguo zake tulizopewa ndani ya mfuko, buibui limepindwa kwa uzi wa kijani. Kijani, Kaltuma! Nikasema huyu hakuwa na hata wa kumnunulia uzi mweusi."

Pindo lile nililishona mimi, chumbani, mweusi uliponiishia. Nikaendelea kula, nikaimaliza sahani.

Sasa ni wiki ya tano. Mama Damaris anaamini mwanawe ametekwa. Amechapisha karatasi zenye picha yake na maneno yangu yale, jinzi na fulana nyekundu, zimejaa kuanzia Kibarani mpaka Bofa kwenye mageti ya mahoteli, na kumi na mbili nimezibandika mimi, kwa sababu aliniomba nimsaidie. Ameniambia huipigia simu ya Damaris kila asubuhi kabla hajaenda shamba. Simu hiyo iko ndani ya sanduku langu, imezimwa.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Musembi, mwakilishi wa darasa letu, ambaye ndiye anayeongoza wanafunzi kudai Damaris arudishwe. Alikaa chini. Baadaye akasema, "Kaltuma, usiseme sasa. Nchi nzima inalijua jina lake. Ukisema aligongwa na lori, watasema hata wale wengine waliochukuliwa ni uongo mtupu." Na mimi nimeyafikiri sana maneno yake na siyaoni kuwa ni ya kijinga, maana kuna watu wamechukuliwa kweli na mama zao wanangoja. Lakini pia nikisema baba atanirudisha nyumbani, shangazi atajua amemwosha na kumsalia mtoto wa Kikristo kwa sababu yangu, na mama Damaris atakufa. Nisiposema ana matumaini, japo ya uongo. Silali, sisomi, nikisali nasahau niko rakaa ya ngapi. Je, ninyamaze, au niseme, na nikisema nianzie wapi?

Ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kilifi.

*

Bi Rufaida anajibu:

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha yote, lako likiwa la kwanza. Umeniomba nisikuhukumu kabla sijafika mwisho. Nimefika mwisho, mara mbili, na mara ya pili nililazimika kuinuka nikanawe uso. Sasa nisikilize.

Kumwazima mwenzio buibui si kumwua. Kuogopa pia si kumwua. Lori hukuliendesha, moshi hukuurusha, na waliowakimbiza watoto mpaka katikati ya barabara kuu wana swali lao la kujibu, hapa duniani wasipolijibu watalijibu kwingine. Kwa hayo lia, uombe dua, yatakutoka taratibu. Lakini nimeona jambo katika barua yako. Umeandika mistari mingi juu ya buibui kuliko juu ya fulana nyekundu. Unajililia kwa lile lisilo kosa lako ili usilitazame lililo lako. Fulana nyekundu ni yako, Kaltuma. Ndiyo iliyomrudisha mama yule mlangoni pa chumba alimolala mwanawe, akaenda zake akicheka. Tena usiniambie hukujua. Uliposikia mwanamke wa buibui kagongwa, ulijua. Mtu asiyejua angekimbia hospitali kuuliza.

Nimekusema, na nisingekusema kama nisingekuonea huruma. Una miaka kumi na tisa, na umelelewa kumwogopa baba kuliko kuuogopa uongo. Hilo ni kosa letu sisi wazazi wa mji huu, tunawafunga mabinti kwa masharti halafu tunashangaa wakitudanganya. Baba yako akinitafuta nitamwambia mwenyewe.

Unasema mama yake ana matumaini. Matumaini gani hayo? Kila asubuhi anaamka anajiuliza mwanawe anapigwa wapi leo, amefungwa wapi, anamwita mama au keshanyamazishwa. Wewe unaita matumaini, mimi niliyezaa naita moto. Aliyefiwa hulia, watu wakalia naye, akaletewa uji na majirani, akakaa matanga, siku moja akacheka tena. Aliyepotelewa hana matanga. Umemnyima mama huyo hata mkeka wa kukalia.

Huyo Musembi ana akili, na ninaogopa watu wenye akili ya namna hiyo wakiwa bado wadogo. Mwambie njia ya mwongo ni fupi. Kuna muuguzi anayekumbuka, kuna dereva wa lori, kuna mfuko wa nguo. Siku litakapojulikana, na litajulikana, atakayeumia si yeye. Wataumia wale mama ambao wana wao wamechukuliwa kweli, nao wataambiwa kawatafuteni makaburini kama yule wa Junju. Anayewatakia mema awape ukweli wasimame juu yake. Msichana wa miaka kumi na minane amekufa akikimbia moshi kwa sababu alitaka wenzake warudishwe. Hilo halitoshi? Linahitaji kutiwa chumvi?

Shangazi yako usimhofie. Alimwosha mwana wa mwenzake kwa heshima, na mwosha huoshwa. Atalia, ndiyo. Na kisha, nakuhakikishia, yeye ndiye mtu ambaye mama Damaris atamhitaji kuliko wote, kwa kuwa ndiye wa mwisho kumshika mtoto huyo kwa mapenzi. Mama atataka kujua kama alifumbwa macho, kama alifunikwa vizuri. Wewe huwezi kumjibu, shangazi yako anaweza.

Kwa hiyo nenda Kibarani leo, usingoje Jumamosi. Mwambie shangazi kila kitu, ukianzia na fulana nyekundu. Yeye ndiye atakayempigia baba yako, wewe huna nguvu hizo na si lazima uwe nazo. Kisha mwende Junju, wewe na shangazi na mtu mzima mmoja wa msikiti aliyehusika na mazishi. Msiende mkutano mzima. Usimwambie kwa simu, wala usimwite chuoni, mkuteni kwake ambako jirani watasikia akipiga kelele. Msubirini aketi. Useme wewe, kwa mdomo wako, kabla mtu mwingine hajafungua wake, na useme kwa maneno machache: mwanao amefariki, amezikwa, na mimi nilikudanganya. Usieleze kwa nini mpaka akuulize. Usimwombe msamaha siku hiyo. Msamaha ni mzigo, na siku hiyo atakuwa na wa kutosha. Akikupiga, usikinge uso. Akikufukuza, toka, shangazi abaki. Mpelekee simu ya mwanawe na ile sketi ya kanisani.

Habari ya kaburi isikushughulishe. Akitaka mwanawe afukuliwe akalale Junju kwa sala za kwao, ni haki yake kuomba, na hiyo ni kazi ya korti na ya wazee wa pande zote mbili, ambao nawasihi wasijifanye wagumu. Akitaka abaki alipo, ni hiari yake. Wewe huna sauti katika hilo. Polisi mtakwenda baadaye, mkiwa na wakili, na katika mashirika ya haki hapa pwani wapo mawakili wasiolipisha. Utaandikisha ulichokiona na ulichokisema. Chuo kikikupa adhabu, ipokee. Baba akikurudisha Malindi, rudi, mwaka mmoja si maisha. Ukiona bado huli na hulali, mtafute mshauri wa chuo umweleze, si kila kitu kinaponywa na ukurasa wa gazeti.

Sasa neno la mwisho, nalo halitakupendeza. Miaka kumi na saba nimeandika hapa na sijawahi kutoa siri ya mtu nje. Lakini siri hii si yako peke yako, ulimwibia mama Damaris. Jibu hili nimekutumia Jumatatu, siku nne kabla gazeti halijatoka, na nambari ya mama huyo ninayo, imeandikwa kwenye zile karatasi. Wasomaji watakapoufikia mstari huu atakuwa keshaambiwa, ama na wewe, ama na mimi.